NG'OMBE ALIYEKUFA MAJI NCHI KAVU

Simu ilinifikia alfajiri, sijamaliza uradi wangu. Alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyehamia Ongata Rongai zamani, na sauti yake ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyekesha. "Mjomba," akasema, "amekufa." Moyo ulinilipuka, maana nyumbani mwake anakaa dada yangu, naye ni mtu wa maradhi. Nikamuuliza, "Nani?" Akajibu, "Mtamba, Mjomba. Yule mweusi."

Nilimhimidi Mola, kisha nikaona haya kwa kumhimidi. Mtamba yule alikuwa na mimba ya miezi sita. Alinunuliwa kwa mkopo wa chama cha akiba, na mkopo wenyewe ulikuwa haujalipwa hata nusu. Mwenye kudai haulizi kama ng'ombe yu hai au amekwenda. Hukata mshahara tu kila mwisho wa mwezi.

Ilisadifu kuwa nilikuwa Nairobi kwa shughuli zangu, nimefikia kwa jamaa mtaani Eastleigh. Nikapanda matatu, nikashika njia ya Magadi. Huo ulikuwa mwezi wa Mei mwaka 2024, baada ya masika yaliyofurisha mito na kubomoa nyumba za watu, na kando ya barabara nyasi zilikuwa zimesimama hata kiunoni. Mimi mtu wa Pwani niliona neema. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba nyasi kama zile, baada ya mvua kama zile, ni ngazi ya kupe. Hupanda hadi nchani, akangoja mnyama apite.

Watu wengi wa Nairobi hulijua jina la Rongai kwa ajili ya matatu zake na muziki wake wa kupasua masikio. Wachache hujua kuwa ni maneno ya Kimaasai yenye maana ya uwanda mwembamba. Leo uwanda huo umejaa maghorofa ya kupangisha, lakini nyuma ya maghorofa, ukielekea upande wa Tuala, bado utakuta mabanda ya ng'ombe wawili watatu, ya watu wafanyao kazi mjini na kukamua kabla ya kupanda gari. Mpwa wangu ni mmoja wao.

Nilimkuta mtamba amelala ubavu nyuma ya banda. Daktari wa mifugo alikuwa ameshafika, mtu wa makamo mwenye mabuti ya mpira. Kabla ya kutia kisu aliuzunguka mzoga mara mbili, akakagua pua, mdomo na nyuma. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema anatafuta damu. Ng'ombe aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikamtoka matunduni na mwili wake usikakamae, huyo hapasuliwi, maana yumkini ni kimeta, na kimeta hakichagui baina ya ng'ombe na mwenye kisu. Viini vyake hukaa udongoni miaka na miaka. Huzikwa mzima mzima, shimo la kina, na chokaa juu yake. "Wako wanaokimbilia kuchinja ili nyama isiwapotee," akasema. "Hao ndio mnaowaandika magazetini." Sisi tulikatazwa nyamafu tangu chuoni, nami nilikuwa nikiliacha kwa kuwa limekatazwa, basi, siku ile nilimsikia daktari akilitolea sababu kwa ulimi wa maabara.

Damu haikuwapo. Puani mlikuwa na povu jeupe, jingi. Daktari alipopasua njia ya pumzi tuliikuta imejaa povu lile lile toka kooni hata mapafuni, na mapafu yenyewe yalikuwa mazito, yamelowa kama kitambaa kilichosahauliwa majini. Mimi nimekulia mji wa mabaharia. Nimepata kuwaona watu wawili waliotolewa baharini, na povu lile nalijua. Nikasema bila ya kufikiri, "Huyu amekufa maji."

Daktari akanitazama, akacheka kidogo. "Ndivyo hasa, mzee. Amekufa maji nchi kavu. Na maradhi yenyewe yana jina la kwenu."

JINA LA PWANI

Kwa Kiingereza ugonjwa huo huitwa Homa ya Pwani ya Mashariki. Kwa Kiswahili cha wafugaji ni ndigana, au ndigana kali kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania. Wamaasai huuita oltikana, na sikio langu la mtunzi wa mashairi linasikia udugu baina ya majina hayo mawili, ingawa ni juu ya wataalamu wa lugha kutuambia nani alikopa kwa nani. Lakini ni lile la Kiingereza lililonikera. Tumesingiziwa mengi sisi watu wa Pwani, uvivu na uchawi, leo tena na kuua ng'ombe wa watu wa bara! Nikaamua kuitafuta asili yake.

Asili yake ni hii. Mwaka 1896 sotoka iliteketeza ng'ombe wa kusini mwa Afrika, kisha vikafuata vita vya Makaburu na Waingereza vya mwaka 1899 hadi 1902, na waliosalia wakamalizika. Walowezi wakataka ng'ombe wengine, na mwaka 1901 wakawa wanaletwa kwa meli kutoka Pwani ya Afrika Mashariki hadi bandari ya Beira, na kutoka Beira wakipandishwa Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Ng'ombe wale wa Pwani walikuwa wazima machoni pa kila mtu, wanakula na kucheua. Lakini walikopita, ng'ombe wengine walianguka. Watawala wa huko wakamwita Robert Koch, yule Mjerumani mashuhuri aliyegundua kiini cha kifua kikuu, naye akafika Bulawayo mwaka 1903. Koch alikuwa amepata kufanya kazi Dar es Salaam mwaka 1897, na huko aliviona vijidudu kama hivyo katika damu ya ng'ombe, akavidhania kuwa ni vya ugonjwa mwingine. Sasa akakumbuka alikoviona, akautia ugonjwa jina la Pwani. Mwaka 1904 Arnold Theiler wa Afrika Kusini akaonyesha kuwa kiini hicho ni cha namna yake peke yake, na baadaye kikaitwa kwa jina lake. Wakati huo huo Charles Lounsbury wa Rasi alithibitisha kuwa kinabebwa na kupe wa rangi ya hudhurungi apendaye kukaa masikioni.

Kwa hiyo tumesingiziwa na hatukusingiziwa. Ng'ombe wetu walikuwa wameuzoea ugonjwa. Ndama wa kienyeji azaliwaye penye kupe hung'atwa siku zake za mwanzo, akaugua, na asipokufa huwa na kinga. Na wengine hubaki na kiini mwilini muda mrefu bila ya dalili yoyote, kupe akakinyonya na kumpelekea jirani. Nyati naye ndivyo alivyo, tena yeye haugui hata kidogo. Anayekufa ni mgeni. Mtamba wa mpwa wangu alikuwa Friziani, amezaliwa bandani upande wa Limuru na kulishwa majani ya kukatwa tangu utotoni. Alifika Rongai bila ya kinga, sawa na ng'ombe wa Rhodesia wa mwaka 1901. Hakutoka nje hata siku moja. Kupe alimfuata bandani, ndani ya nyasi zilizokatwa kando ya mto na kuletwa kwa mkokoteni wa punda.

Jambo hili la mzima anayebeba maradhi ya mwenziwe tulitie akilini, maana litarudi mbele.

DAWA YA MANJANO

Tulikaa kitako na mpwa wangu, tukazihesabu siku. Siku ya kwanza aliona uvimbe chini ya sikio la mtamba, akadhani amejigonga kwenye hori. Alikuwa anakula vizuri, basi akamwacha. Na hapo ndipo ndigana inapowadanganya wengi: ng'ombe huweza kuwa na homa ya nyuzi 41 naye yumo anatafuna, na mwenyewe akasema maadamu anakula hana neno. Siku ya tatu nywele zilikuwa zimesimama. Siku ya tano macho yalitoka machozi, akaanza kukohoa, akawa hataki chakula. Mpwa wangu akaenda dukani kununua dawa. Muuzaji akamuuliza, "Ana homa?" Akajibu, "Naam." Akapewa chupa ya dawa ya manjano, tetrasaiklini, akamdunga mwenyewe. Dawa ilikuwa halisi na haijapitwa na wakati. Ilikuwa ya maradhi mengine.

Kupe ni mama wa maradhi manne mabaya katika nchi hizi, na ndugu hawa wanne hufanana machoni pa mtu mwenye haraka, maana wote huja na homa. Ndigana kali hujitambulisha kwa tezi: kwanza ile iliyo chini ya sikio, kisha ile ya mbele ya bega, kisha ile ya ubavuni mbele ya paja, na mwisho pumzi hubana na povu kutoka. Ndigana baridi hufunga choo, kikawa kikavu na kigumu, na ukifunua mdomo utaona ufizi umepauka, na siku zikizidi umekuwa njano, kwa kuwa damu imepungua; lakini mkojo haubadiliki. Ukiona mkojo unatoka kama kahawa, huyo ni ndugu wa tatu, kukojoa damu. Na ng'ombe anyanyuaye miguu juu mno kama mtu apitaye matopeni, akizunguka pahala pamoja na kutafuna bila ya kitu mdomoni, huyo ana maji moyo, na wakati wake ni mfupi sana.

Tetrasaiklini husaidia ndigana baridi, na maji moyo pia kama umewahi. Kukojoa damu kuna dawa yake. Ndigana kali ikishadhihiri, dawa ya manjano haiiwezi. Inataka buparvakwoni, ambayo hudungwa msulini shingoni, na homa isiposhuka hurudiwa baada ya saa 48. Ni dawa ghali. Mpwa wangu aliitaja bei yake huku akiitazama ile chupa ya manjano aliyoinunua kwa bei nafuu, nami sikuwa na la kumwambia.

Daktari alieleza jambo jingine lililonifurahisha kidogo katika huzuni ile. Kupe hamtii ng'ombe kiini siku ile ile anayomng'ata. Viini hulala mateni mwa kupe, na huamka anapoanza kunyonya damu. Huchukua siku tatu au nne kukomaa. Mwenye kupitisha mkono masikioni mwa ng'ombe wake kila siku, au kuwaogesha kwa dawa ya kupe kwa zamu isiyokosa, anawahi kabla ya sumu kumwagwa. Huyo aliyekwisha kung'atwa na kutiwa kiini, homa humjia baina ya siku 8 na 25, na asipotibiwa aghalabu haumalizi mwezi.

MKONO CHINI YA SIKIO

Daktari akinawa mikono, akatokea mzee wa Kimaasai, jirani wa ng'ambo ya ua, na fimbo yake. Alikuja kutoa pole, nasi tukaitikia. Lakini niliona kuwa hamtazami maiti. Alikuwa akimtazama mtamba wa pili, wa rangi nyekundu na madoa meupe, aliyesimama horini akila majani.

"Huyo pia," akasema.

"Lakini Mzee, huyu anakula," mpwa wangu akamwambia, na sauti yake ilikuwa ya kusihi.

"Anakula. Lakini masikio yake yamelala, na jana usiku nilimsikia akikohoa mara mbili."

Akaingia bandani bila ya kungoja kukaribishwa, akamsemesha yule mnyama kwa Kimaasai, taratibu, kama asemavyo mama na mtoto mwenye usingizi. Akapitisha mkono chini ya sikio, akashuka begani, akaenda ubavuni. Kisha akanishika mkono mimi, nisiyepata kumgusa ng'ombe aliye hai isipokuwa siku ya Idi, akauweka pale chini ya sikio la kulia. Palikuwa na kitu kigumu, cha moto, ukubwa wa limau, kikiteleza chini ya ngozi. Akanihamishia upande wa pili nikakuta cha ukubwa wa kunazi. "Sasa umejua," akaniambia. "Usiku wa giza utaweza."

Daktari akatia kipimajoto: nyuzi 41 na nukta moja. Ng'ombe mzima hupita kidogo nyuzi 38, wala hafiki 40 kama hakukimbizwa juani. Akamdunga shingoni pale pale, kwa fedha ambayo mpwa wangu alikopa kwa simu mbele ya macho yetu, akaagiza awekwe kivulini, apewe maji karibu, asitembezwe. Mtu mwenye mapafu yanayoanza kujaa maji hatembezwi.

Nilimuuliza mzee baba zake walikuwa wakifanyaje kabla ya sindano. Akasema walikuwa wakizichoma tezi kwa chuma cha moto, na yeye mwenyewe katika ujana wake amechoma nyingi. Daktari akakunja uso. Mzee akaliona hilo, akasema, "Wengine walipona. Labda wangepona hata bila ya chuma. Lakini wewe unaweza kukaa tu ukimtazama?" Swali lile lilikuwa la daktari, naye hakulijibu, akaendelea kufunga mkoba wake.

Siku ya pili homa ilikuwa imeshuka nusu nyuzi tu, na usiku ule mpwa wangu alilala bandani juu ya gunia. Sindano ya pili ikapigwa. Siku ya nne, saa za alasiri, tukiwa tunakunywa chai, dada yangu akasema kwa sauti ndogo, "Jamani, si anacheua yule?" Tukanyamaza sote. Alikuwa anacheua.

NG'OMBE WANAPOAMKA

Mzee yule alinitania akiniita Mswahili mpaka siku ya tatu. Ya nne akaniita mzee mwenzangu, akanialika. "Kama unataka kuandika habari za ng'ombe wagonjwa, nenda ukawatazame wazima. Hapa Rongai utaona wawili wawili tu." Ng'ombe zake hasa huchungwa na wanawe upande wa Kitengela, huko nyuma ya mji, uwanda unapoanza kunyooka kuelekea Isinya. Tukaenda kwa pikipiki mbili, tukalala kwenye boma, nikasali Alfajiri zizini kwa baridi ambayo Pwani hatuijui.

Kazi yake ya asubuhi ni kusimama mlangoni mwa zizi ng'ombe wanapoamka. Hahesabu. Kuhesabu mifugo kwa kidole hakukubaliki kwao. Humjua kila mmoja kwa rangi na pembe, na asiyekuwapo humwona kwa pengo lake. Humtazama nani amenyanyuka wa mwisho. Hutazama nani amejinyoosha mgongo aliposimama, kwani ng'ombe mzima hujinyoosha kama mtu. Pua inafaa iwe na umande. Pua kavu ni neno. Kinyesi hukisoma chini, ni cha nani, kimekuwaje. Ndama asiyemkimbilia mamake humwendea akamshika sikio.

Chuoni tulihifadhi sura iliyo ndefu kuliko zote, nayo ina jina la ng'ombe, na ndani yake mna kisa cha watu walioamrishwa kuchinja ng'ombe nao wakawa wanauliza: ni wa umri gani, ni wa rangi gani, ni wa kazi gani. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, alikuwa akiwalaumu sana kwa maswali yao. Mzee huyu kila asubuhi huuliza maswali kama hayo juu ya kila ng'ombe aliye naye, wala sidhani kuwa mwalimu angemlaumu.

Jua lilipochomoza nikawaona nyumbu kwa mbali, wachache, upande wa mbuga ya Nairobi. Hapo ndipo nililirudia lile la mzima anayebeba maradhi ya mwenziwe. Nyumbu haugui kitu. Lakini nyumbu jike anapozaa, mwanzoni mwa mwaka, ng'ombe akilisha alipozaliwa ndama yule huweza kupata ugonjwa usio na tiba: homa kali, kamasi nzito, tezi za mwili mzima kuvimba, na macho yakiingia ukungu mweupe uanziao pembezoni na kwenda katikati hata kipofu. Ukungu wa jicho ndigana nayo huweza kuwa nao, na ndiyo maana mzee huuliza kwanza ng'ombe alilisha wapi, kabla hajamgusa. Mgonjwa huyo hamwambukizi ng'ombe mwenziwe. Hufa peke yake.

Wamaasai walijua toka zamani kuwa ugonjwa huo ni wa nyumbu, wakisema unatoka katika kondo na manyoya ya ndama wake. Wazungu wengi waliyachukulia hayo kuwa hadithi. Mwaka 1960, Walter Plowright, mtaalamu Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya Muguga karibu na Nairobi, alikipata kirusi chenyewe katika nyumbu. Baadaye ikabainika kuwa hutoka zaidi katika machozi na kamasi za ndama wa miezi michache. Wazee walikosea kiungo, mnyama na msimu walivipata.

Dawa yao ilikuwa ni kuhama. Nyumbu wanapozaa, ng'ombe huondolewa kwenye nyasi fupi tamu za uwandani wakapelekwa kwenye nyasi duni. Nilimwambia mzee kuwa sasa nyumbu wamepungua, na huo ugonjwa bila shaka umepungua nao. Akaitikia kwa kichwa, kisha akanionyesha kwa fimbo: ua wa seng'enge, nyumba mpya, machimbo ya mawe, ua mwingine. "Yaliyomzuia nyumbu yamenizuia na mimi. Zamani ng'ombe akiugua mahali, tulihama. Sasa nihamie wapi?" Katika ukame uliofikia kilele chake mwaka 2022 alipoteza ng'ombe wengi kuliko maradhi yote ya maisha yake, na sehemu kubwa ya sababu ilikuwa hiyo.

Jina la Plowright nalo lina sehemu nyingine katika kumbukumbu za Wamaasai, ingawa mzee hakuwa amelisikia. Mwishoni mwa karne ya 19 yaliwafika mfululizo: kwanza homa ya mapafu ya ng'ombe, ambayo wao huiita olkipiei, kisha sotoka mwaka 1890 na 1891, kisha ndui kwa watu wenyewe. Wakati huo wanauita Emutai, maangamizi. Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita Umaasaini mwaka 1892, alikadiria kuwa theluthi mbili ya watu waliangamia. Chanjo ya sotoka aliyoitengeneza Plowright pale Muguga ndiyo iliyotegemewa baadaye kuifukuza sotoka duniani. Alama yake ya mwisho ilionekana mwaka 2001 kwa nyati wa mbuga ya Meru, na mwaka 2011 ulimwengu ukatangaziwa kuwa imetoweka. Nilipomwambia mzee kuwa sotoka haipo tena mahali popote, alinitazama kwa muda, akauliza kwa upole, "Wamemwuliza nani?"

NDAMA

Muguga ndipo ilipozaliwa pia chanjo ya ndigana, katika miaka ya 1970, nayo ni chanjo ya ajabu kidogo. Ndama hutiwa viini hai vya ugonjwa, vilivyotolewa kwa kupe na kugandishwa ndani ya naitrojeni ya maji, na papo hapo hudungwa tetrasaiklini ikaayo mwilini muda mrefu. Ugonjwa huanza, dawa huupunguza makali, mwili huujua. Ndiyo ile ile dawa ya manjano isiyoweza kumwokoa mgonjwa. Ikiingia siku moja na kiini, huweza. Kinga yake ni ya miaka mingi. Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania waliipokea kwa mikono miwili tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na siku hizi chanjo yenyewe hutengenezwa Lilongwe, Malawi.

Taabu yake ni kuwa mrija mmoja huwatosha ndama makumi, na ukishayeyushwa ni lazima utumike ndani ya saa chache. Mwenye ndama mmoja hana la kufanya nao. Mtamba mwekundu alipozaa, mwezi wa Septemba, mpwa wangu ikambidi apite nyumba kwa nyumba mitaa ya Tuala, jioni akitoka kazini, akiwauliza watu anaowajua kwa sura tu kama wana ndama. Walipatikana kumi na moja. Hawakutosha. Mzee akawaleta wake kutoka Kitengela kwa lori, siku mbili baadaye, akalipa sehemu yake kwa noti alizozifunga shukani.

Nilikuwapo siku hiyo. Kila ndama alipodungwa alitiwa hereni ya plastiki sikioni. Jike la mpwa wangu lilikuwa la mwisho, na lilipiga kelele hata dada yangu akaja mlangoni. Daktari alipokwisha, mzee akaliinamia, akalikunja lile sikio lenye hereni, akachungulia ndani. Akatoa kupe wawili wadogo, akawatia katika kopo la mafuta ya taa alilokuja nalo, akalikunja na la pili.